Mzazi Abaki Mkekani

Mhadhara kwa wazazi na walezi wa Chumbageni, Tanga

Mliokuja na watoto, msihangaike kuwanyamazisha. Tumekuja kwa ajili yao, na sauti zao haziniudhi.

Nataka kumzungumzia mtoto wa miaka miwili na nusu. Mtoto huyo alichomwa sindano ya pili ya surua na rubela alipotimiza miezi 18. Baada ya sindano hiyo kina mama wengi hawarudi tena kliniki mpaka mtoto augue, ingawa mizani inamngoja hadi atimize miaka mitano. Darasa la awali nalo litampokea akiwa na miaka mitano. Kati ya sindano ile na darasa lile ipo miaka mitatu na zaidi, na katika miaka hiyo hakuna ofisi inayomwita wala daftari linaloandika jina lake. Nje ya nyumba yao hakuna anayejua kama ameanza kuunganisha maneno mawili au bado.

Tuangalie anavyoishi hapa kwetu. Nyumba nyingi zina wapangaji wa chumba kimoja kimoja. Ua ni wa wote, na uani kuna jiko la mkaa, ndoo za maji na kamba za nguo. Nje ya mlango kuna baiskeli, bajaji na bodaboda. Mama anauza vitumbua asubuhi, au anafua, au yuko sokoni. Baba katoka tangu alfajiri. Mtoto anakaa mlangoni, na akilia anapewa simu.

Wazee watasema zamani haikuwa hivi, na ni kweli, lakini tuseme ukweli wote. Zamani mtoto huyu alibebwa na dada yake wa miaka minane au tisa. Dada akicheza rede au mdako, mdogo wake yuko mgongoni au ameketi pembeni akitazama. Tangu ada ya shule za msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, dada yule yuko darasani, na darasani ndiko anakostahili kuwa. Sitaki hata kidogo arudi nyumbani kulea. Ila alipoondoka uani, sisi watu wazima hatukukaa tukaulizana nani sasa atacheza na mdogo wake.

Hoja yangu ni kwamba jibu liko ndani ya uwezo wa mtaa, na halihitaji jengo wala mradi. Wazazi kumi, kumi na wawili, wenye watoto wa mwaka mmoja hadi minne, wanakutana mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara, mahali penye kivuli. Wanatandika majamvi na kumwaga vitu vya kuchezea. Watoto wanacheza, na wazazi wanabaki. Kila siku wawili kati yao wana zamu ya kuongoza, na wote wanajitolea. Hicho ndicho kikundi cha malezi na michezo, na sharti lake kubwa ni hilo la wazazi kubaki.

Nalisisitiza sharti hilo kwa sababu mbili. Kwanza, ukiacha mtoto na kuondoka umefungua kituo cha kulelea watoto mchana, na kituo kina sheria yake. Kinasajiliwa, kinakaguliwa na afisa ustawi wa jamii, na kinatakiwa kuwa na walezi waliosomea. Sheria hiyo ina maana, kwa sababu mtoto mdogo asiye na mzazi wake karibu yuko mikononi mwa watu, na watu lazima wajulikane. Sababu ya pili ndiyo kubwa zaidi. Saa nne za wiki ni kidogo mno kumbadilisha mtoto. Zinazomjenga ni saa nyingine zote anazokuwa nyumbani, na saa hizo zimo mikononi mwa mtu aliyeketi naye kwenye jamvi.

Niwaeleze ninachokiona mama na mtoto wanapoketi hivyo. Mtoto anachota mchanga kwa kifuu na kuumimina kwenye kifuu kingine. Unamwagika. Anachota tena. Mama, kwa mazoea mema ya usafi tuliyolelewa nayo sote, ananyoosha mkono kumzuia: acha, unajichafua. Mwenye zamu ameketi upande wa pili. Hamkosoi mama. Anamwambia mtoto tu, taratibu, kile anachokiona: "Kimejaa." Kisha: "Haya, kimemwagika." Mtoto anainua uso, anamtazama, anasema "mwagika." Anamimina tena ili aseme tena. Safari ya nne au ya tano, mama mwenyewe ndiye anayesema "kimejaa," na mtoto anageuka kumtazama mama yake. Hapo hakuna kilichonunuliwa, wala hakuna aliyehubiriwa. Jioni ile, wakati wa kupepeta mchele, mama huyo atakuwa na la kusema na mwanawe.

Wataalamu wanaita hayo malezi yenye mwitikio. Ni moja ya nguzo tano za mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia. Nyingine ni afya bora, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza mapema. Nchi yetu ilizichukua nguzo hizo na kuzijengea Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021 kwa ajili ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Kabla ya hapo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikwisha kuutaja mchezo miongoni mwa haki ambazo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto. Kwa hiyo anayetandika jamvi kwa ajili ya watoto anatekeleza sheria ya nchi. Akienda ofisi ya mtaa kuomba kivuli, aende kifua mbele.

Kuna atakayeuliza: kucheza tu kunaleta nini? Swali hilo lilijibiwa mbali na hapa, kisha likajibiwa karibu.

Mwaka 1986 na 1987, katika mitaa ya kimaskini ya Kingston, Jamaica, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwafuata watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi ya watoto hao walitembelewa kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya wa mtaani, wanawake wasio na shahada, waliocheza na mama na mtoto kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mkono. Mpango uliendeshwa hivyo tu, kisha ukaisha. Watoto walifuatiliwa mpaka utu uzima. Miaka 20 baadaye wale waliochezewa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa takriban robo kuliko wenzao waliodumaa kama wao lakini hawakutembelewa. Kwetu hilo lina uzito wa pekee. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Tunapowapima urefu tunazungumza chakula, na ni haki. Mtoto aliyedumaa anahitaji chakula, na anahitaji mtu wa kusema naye.

Jibu la karibu lilitoka magharibi mwa Kenya. Wahudumu wa afya wa kujitolea katika vijiji waliwakutanisha kina mama wenye watoto wa miezi 6 hadi 24 kila baada ya wiki mbili, kwa vikao 16. Vijiji vilikuwa 60, mama na watoto wao 1,152, na matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Watoto wa vikundi walipanda kwa akili na kwa kuelewa lugha. Kulikuwa pia na vijiji ambako baadhi ya vikao viligeuzwa kuwa ziara za nyumbani. Mtu angedhani kumtembelea mama kwake, peke yake, kungeleta faida kubwa zaidi. Haikuwa hivyo. Vikundi peke yake vilifanya vizuri kuliko mchanganyiko ule, na kwa gharama ndogo. Mimi nasadiki sababu yake iko kwenye kukaa pamoja. Mama akimwona jirani yake, mwenye kipato kama chake, akizungumza na mtoto asiyejua kusema bado, anaona kuwa jambo hilo linawezekana.

Sasa nije pwani, maana sisi tuna historia yetu katika jambo hili, na inanisikitisha kwamba watoto wetu hawaijui. Miaka ya 1980, wazazi na viongozi wa Kiislamu wa Mombasa walikuwa na wasiwasi. Watoto wao walisoma chuo cha Kurani vizuri, lakini wakifika shule ya msingi walibaki nyuma, na wachache walifika vyuo vikuu. Walimwomba Aga Khan msaada. Kilichoonekana baada ya kuchunguza ni kwamba tatizo linaanza mapema sana, kabla ya darasa la kwanza. Mwalimu mmoja wa Mombasa, Bi Swafiya Said, ndiye aliyeibeba kazi. Shule ya awali ya kwanza ya mpango wao, Mpango wa Madrasa, ilianza mwaka 1986. Mwaka 1990 mpango ulivuka kwenda Zanzibar, na 1993 ukafika Uganda. Baada ya miaka ishirini hivi, shule za jamii zilizopitia Mpango wa Madrasa zilikuwa zaidi ya 200 katika nchi hizo tatu.

Msinielewe vibaya: zile ni shule za awali, zina walimu, na sisi hapa tunazungumzia jamvi. Ila namna walivyojenga ndiyo ninayotaka tuichukue. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa uleule, wengi wao bila cheti chochote cha ualimu, wakafunzwa wakiwa kazini. Vifaa vilitoka mazingira ya pwani: vifuu, kombe za baharini, mbegu, ukili, makopo. Mtoto alichagua kona ya kuchezea badala ya kukariri kwa sauti siku nzima, na dini yake ikabaki mlemle darasani pamoja na nyimbo na hadithi za kwao. Shule ilikuwa mali ya jamii yenyewe. Kamati iliundwa, jengo likatafutwa, michango ikapangwa, na baada ya miaka ya kusaidiwa, shule ilifuzu na kusimama yenyewe. Watafiti, akiwamo Peter Mwaura na Kathy Sylva wa Oxford, waliwalinganisha watoto wa nchi zote tatu na kukuta kwamba waliosoma awali waliwazidi waliobaki nyumbani, na wa Madrasa ndio waliopiga hatua kubwa zaidi.

Tanzania bara nasi tulikuwa na yetu. Vijiji vingi vya ujamaa katika miaka ya 1970 vilifungua vituo vya watoto ili kina mama waende shamba, na mwaka 1981 ikatungwa sheria ya kuvisimamia. Uchumi ulipobana, vingi vilikufa. Kituo kilichotegemea posho kutoka juu hakikuwa na pa kushika posho ilipokoma.

Wenzetu wa ng'ambo nao wana vikundi vilivyoanzishwa na wazazi wenyewe. New Zealand, mwaka 1941, waume wakiwa vitani, kina mama wa Karori jijini Wellington walianza kukutanisha watoto na kuwaangalia kwa zamu, na vikundi vile vipo hadi leo, vikiendeshwa na wazazi. Uingereza, mwaka 1961, mama wa London aitwaye Belle Tutaev, aliyekosa nafasi ya shule ya watoto kwa binti yake, aliandika barua kwenye gazeti la The Guardian akiwaambia wazazi wenzake wafungue vikundi wenyewe. Mwaka uliofuata chama chao kilikuwa kimezaliwa. Vikundi vya Uingereza vilipata shida baadaye, kina mama waliporudi kazini kwa wingi na asubuhi zikawa hazina mtu. Shida hiyo sisi tunaanza nayo.

Kwa hiyo nizungumze kwa kirefu juu ya kujitolea, kwa kuwa hapo ndipo vikundi vingi hufia. Huanza kwa mwanamke mmoja mwenye moyo. Yeye ndiye mwenye jamvi na sanduku la vitu vya kuchezea, yeye anachemsha uji, yeye anafagia, yeye anapigiwa simu mtoto wa mtu akikwaruzwa. Mwezi wa kwanza tunamsifu. Mwezi wa nne mume wake anauliza unalipwa nini. Mwezi wa sita anaugua, au anafiwa, anasafiri kwenda Korogwe kwenye msiba, na akirudi hakuna kikundi. Tusimlaumu hata siku moja mama huyo. Tulimwachia mzigo wa watu kumi na wawili.

Dawa yake kina mama wa Tanga wanaijua kuliko mimi, kwa sababu wanacheza upatu. Kwenye upatu kila mmoja ana siku yake, majina yameandikwa, na kijumbe anajua nani kachangia na nani bado. Kikundi cha watoto kiendeshwe vivyo hivyo. Zamu ziandikwe wawili wawili, ili mmoja akipata dharura jamvi litandikwe. Sanduku lisilale nyumba moja. Liende na zamu. Kila mtu aongoze, hata mwenye haya, hata asiyejua kusoma, kwa kuwa kazi yenyewe ni kuketi, kutazama na kusema na mtoto. Kijumbe naye abadilishwe kila baada ya miezi mitatu.

Na wakati tupange kwa kuwafuata wanaohangaika zaidi. Kikundi cha saa tatu asubuhi kitawapata wake wenye nafasi, na kitamkosa muuza vitumbua na mama lishe, ambao watoto wao ndio hasa niliokuja kuwasemea. Saa kumi alasiri, jua likipungua, ni afadhali. Kama hata hapo mama hawezi, aje bibi, na bibi ana nyimbo na vitendawili ambavyo sisi tumevisahau. Aje pia dada wa kazi. Najua baadhi yenu mnaona dada akikaa jamvini saa mbili anapoteza muda wa kufua. Lakini yeye ndiye anayeshinda na mwanao. Mara nyingi naye ni binti mdogo aliyetoka kijijini kwao mapema mno, na akipokelewa vizuri pale jamvini, mtoto wako ndiye wa kwanza kufaidika.

Baba zangu, nanyi. Mzee wetu Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani jirani yetu hapa mwaka 1909, alipoandika Maisha Yangu alitia ndani yake tenzi mbili alizowatungia wanawe: Hati kwa binti na Adili kwa mwana. Mtu wa kazi, mtu wa safari, lakini malezi aliyaona ni kazi ya kalamu yake. Hatuwataki mtunge tenzi. Tunawaomba zamu moja kwa mwezi, alasiri moja ya kuketi chini na kumwacha mtoto awapande mabegani mbele za watu. Mwanaume wa kwanza kufika ataona haya. Akishafika wa tatu, hakuna atakayegeuka kutazama.

Kuna mtoto mwingine ambaye sitaki tumpite: yule anayefichwa ndani. Hasemi, au hatembei, au miguu imekakamaa, na mama amechoka kuulizwa amefanya nini mpaka akapata mtoto wa hivyo. Kikundi cha mtaa kinaweza kuwa mahali pa kwanza mtoto huyo anapoonekana bila kuulizwa. Mwenzake wa miaka mitatu atampa kopo, atangoja alipige. Na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mmoja wa wale ambao serikali ilianza Januari 2024 mpango wa kuwafunza kwa wingi nchi nzima, akijua siku ya jamvi atawakuta watoto wote pamoja. Atampima mkono anayekonda, atamwelekeza hospitali ya Bombo anayehitaji daktari. Kila nikifikiria faida za jambo hili, hii ndiyo inayonigusa zaidi.

Vifaa nitavisema haraka. Vifuu vilivyosuguliwa visikate, makopo ya plastiki yenye vifuniko, vipande vya kanga vya kufunika na kufunua, mipira ya matambara, vijiti, mchanga safi. Vizibo vya soda hapana, mbegu ndogo hapana, shanga hapana, kwa watoto wa chini ya miaka mitatu: kila kitu kwao hupitia mdomoni. Kibuyu chirizi na sabuni viwe karibu. Uji kama mtaweza. Kama hamuwezi, kikundi kisivunjike kwa ajili ya sukari. Na pesa ya mfadhili, ikija, inunue majamvi na sanduku la pili. Ikianza kulipa posho za wachache, zamu zitakufa siku hiyohiyo, na mfadhili akiondoka hakutabaki mtu wa kutandika.

Limebaki jambo moja ambalo siwezi kulimaliza peke yangu. Kivuli cha mwembe kinatutosha miezi mingi ya mwaka. Machi masika yanaingia, na mvua za pwani hazina adabu na mtoto wa mwaka mmoja. Wiki kumi bila kukutana zinatosha kukivunja kikundi. Mtaani petu kuna kumbi za misikiti na makanisa, kuna vyumba vya ofisi na vya chama, na alasiri nyingi milango yake imefungwa. Mwenyekiti wa mtaa yupo hapa, maimamu wapo, mchungaji nimemwona nyuma pale. Naomba mjadala wetu uanzie kwenye funguo hizo: nani anazo, na kwa masharti gani tunaweza kupewa mara mbili kwa wiki kuanzia Machi hadi mvua ziishe.